Nilimsikia Bubu Akisema, Sasa Posa ya Avelina Imekwama

Mpendwa Shangazi Adelgunda,

Kabla sijakuomba msaada ni vizuri ujue anayekuandikia ni nani, maana nasikia safu yako inapokea barua za watu wa kila aina, na mimi si mtu wa kila aina. Mimi ni Rwegoshora wa Rubwera, wilaya ya Kyerwa, na jina langu tafadhali usilifiche, liandike lote. Zile tuzo kubwa za waigizaji wa filamu huko ng'ambo zikikaribia, Kyerwa nzima na nusu ya Karagwe hawatulii mpaka Rwegoshora aseme nani anachukua, na mimi nadhani hata wale wanaofungua bahasha kule jukwaani huwa wanasita kidogo hivi wakijiuliza, Rubwera wamesemaje. Miaka sita mfululizo sijakosea staringi wa kike. Wa kiume nilikosea mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa na malaria. Mwaka juzi basi la kwenda Bukoba lilichelewa dakika arobaini kwa sababu yangu, dereva alizima injini akasema haondoki mpaka nimalize kueleza kwa nini yule mwigizaji mzee mwenye ndevu atarudi nyumbani mikono mitupu, na abiria hakuna aliyelalamika, hata mama mmoja aliyekuwa anapeleka mgonjwa alisema endelea baba.

Shule niliishia darasa la sita, walimu waliona nimeshatosha. Lakini utabiri huu hausomewi, una kanuni, na kanuni nimezitunga mwenyewe. Mwigizaji akizeeka ndani ya filamu ana nafasi. Akiugua, nafasi inakuwa kubwa zaidi. Akinyoa kichwa chote na akafa kabla filamu haijaisha, huyo usibishane naye, andika jina. Na mwanamke akifiwa halafu akaenda kumkabili tajiri ofisini kwake, hapo ndugu yangu hata kama wenzake wanne wamekuja na farasi na mataji, wataishia kupiga makofi tu.

Sasa mwaka huu alikuwepo mwanamke wa namna hiyo, sisi tukamwita Mama Mgodi. Mume wake anachimba madini, shimo linaporomoka, mwili haupatikani, wanamletea kofia yake tu, naye anaichukua ile kofia anaipeleka mpaka mezani kwa mwenye mgodi. Tuliiangalia filamu hiyo kwenye banda la video la Nestory hapa Rubwera, na Shangazi kama hujawahi kuingia banda la video nikueleze, filamu zinakuja na lugha zao huko zilikotoka, sasa anakaa kijana pembeni na kipaza sauti, anatutafsiria palepale, yeye ndiye staringi, yeye ndiye adui, yeye ndiye mama mkwe, hata mbwa akibweka kwa hasira yeye anatuambia anamtukana nani. Kwetu kijana huyo ni Nsanzimana. Ana sauti ile, sijui nisemeje, anaweza kulia kama mjane mpaka wanaume wazima waliokuja na gumboti zao kutoka kwenye kahawa wanajifanya wamepaliwa.

Mama Mgodi alipofika ofisini kwa tajiri, akaweka kofia mezani, akasema maneno ambayo nimeyakariri na nitakufa nayo. Akasema: "Mlimchukua mume wangu asubuhi akipiga mluzi. Jioni mnaniletea kofia. Hii kofia mimi niilaze upande gani wa kitanda? Kama mwili wake hamna, nirudishieni basi hata ule mluzi."

Nirudishieni ule mluzi! Shangazi, nilirudi kuiangalia filamu hiyo mara tatu, benchi la mbele kabisa, na mara zote tatu nililia wazi bila kusingizia vumbi. Nikatoka nje nikatangaza: imekwisha, tuzo ni ya Mama Mgodi, wengine waende na njia zao.

Aliyenibishia ni Mwalimu Mutalemwa wa Kayanga, ambaye ana mdomo mrefu na simu kubwa. Yeye alikuwa upande wa yule aliyeigiza malkia wa farasi. Huyu mwalimu hajui raha ya banda, filamu anaziangalia peke yake kwenye simu, wanasema lugha yao naye anasoma maandishi yanayopita chini, na mimi siku zote namuuliza, mwalimu, filamu ya kusoma ni filamu au ni barua? Tulibishana wiki tatu. Tulibishana kwenye msiba, tukanyamazishwa, tukahamia nyuma ya migomba tukaendelea.

Jumatatu asubuhi matokeo yakatoka. Mama Mgodi! Shangazi, nilirusha kofia yangu juu ikanasa kwenye mparachichi na mpaka leo iko hukohuko. Haikupita saa moja redio ya jamii ya Kayanga wakanipigia simu wakisema Mzee Rwegoshora njoo uwaambie wasikilizaji umejuaje, na Mwalimu Mutalemwa naye atakuwepo akubali kushindwa. Nikavaa suti. Nikapanda bodaboda kutoka Rubwera mpaka Kayanga nimekaa wima kama mkuu wa wilaya.

Mtangazaji ni binti anaitwa Salvina. Akaniuliza, "Mzee wetu, umepatia tena. Uliona nini kwa huyu mama?"

Nikamwambia, "Binti yangu, usiulize niliona nini, uliza nilisikia nini." Nikasogea kwenye kipaza sauti, nikayasema yale maneno yote kuanzia kwenye mluzi wa asubuhi mpaka kwenye mluzi wa mwisho, taratibu, kwa sauti ya kulia kama Nsanzimana. Salvina akachukua kitambaa. Nikajua leo nimeua.

Kumbe Mutalemwa anacheka. Alianza chinichini, halafu akashika meza.

"Mzee wangu, waitu," akasema, kwa ile heshima ya kwetu ambayo ukimpa mtu wakati huo huo unamcheka inauma kuliko tusi. "Hayo maneno kayasema nani?"

"Mama Mgodi."

"Wapi?"

"Ofisini kwa tajiri, wewe ulikuwa wapi?"

"Mzee, yule mama ni bubu."

Nikamwambia aache utani redioni, serikali inasikiliza.

"Ni bubu," akasema. "Ndani ya filamu ni bubu. Saa mbili na dakika kumi hasemi hata neno moja. Anaweka kofia mezani anamtazama yule tajiri bila kusema kitu. Ndiyo maana wamempa tuzo, kwa uso wake." Halafu akachukua ile simu yake kubwa, akaitafuta sehemu hiyo, akaiweka mbele ya kipaza sauti akasema, "Wasikilizaji, hebu tumsikilize huyo mama aliyemliza Mzee Rwegoshora."

Shangazi Adelgunda. Redio ikawa kimya. Kimya kabisa, kimya cha dakika nzima, Karagwe na Kyerwa, vijiji vya Ndama kule, Kiruruma kule, watu wamesimama na majembe yao wanasikiliza kimya. Ilisikika pikipiki moja tu ya nje. Mimi nikawa natazama lile jisimu kama linataka kuniuma. Nimeona mengi, nimewahi kukutana na chui uso kwa uso akanipisha, lakini sijawahi kushtuka namna ile.

Kurudi kwangu Rubwera usiulize. Kijana wa bodaboda aliizima redio yake kwa kunihurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Sokoni mama mmoja muuza nyanya akaninyanyulia kuku akaniuliza, "Baba, hebu sikiliza, huyu anasemaje? Maana mimi tangu asubuhi simsikii." Soko zima likavunjika mbavu.

Nikaenda moja kwa moja kwenye banda la Nestory. Watu walikuwa wamejaa. Nsanzimana yuko pembeni na kipaza sauti chake. Nikamwambia mbele ya wote, wewe ni mwongo, umemtilia bubu maneno mdomoni ukanivua nguo mbele ya wilaya mbili.

Akasimama, akasema kwa adabu tu, "Shikamoo baba. Lakini mbona nilisema mwanzoni? Nilisema huyu mama hasemi, mimi nitausemea moyo wake."

"Mimi sikusikia!"

"Ulikuja imeshaanza," akasema Nestory. "Ulikuwa unafunga baiskeli. Na mara ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Mzee, sisi sote tulijua ni bubu, mdomo si haufunguki?"

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unaona," akasema Nestory.

Hapo hasira ikanipanda mpaka kisogoni, na nikasema neno, na neno hilo Shangazi ndilo linalonifanya nikuandikie. Kwa sababu huyu Nsanzimana si mtafsiri wa filamu tu. Huyu ndiye anayemposa Avelina, binti wa marehemu kaka yangu Yustus, ambaye tangu kaka afariki mimi baba yake mdogo ndiye baba. Nusu mwezi umebaki waje. Kwetu watakuja na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mimi ndiye wa kuonja kwanza. Nikionja, binti kaposwa. Nisipoonja, kibuyu kinarudi kilikotoka, hakuna wa kuonja badala yangu. Nami mbele ya banda zima nikasema sitaonja rubisi ya mwongo, tena nikaongeza kwamba watu wenyewe wa kuja, hata kwao hatukujui, ukoo wake unaishia barabarani.

Nsanzimana aliweka kipaza sauti chini akatoka. Tangu siku hiyo hatafsiri tena, filamu zinajiongelea zenyewe lugha zao, watu wanaangalia nusu saa wanaondoka, na Nestory ananitazama kama mimi ndiye niliyemng'oa kijana ulimi.

Nikadhani yameishia hapo. Kesho yake Avelina alinikuta nageuza kahawa kwenye turubai. Hakunisalimia kwanza, na huyu ni mtoto ambaye hunipigia magoti. Akasema, "Baba mdogo, yale maneno si ya uongo."

Nikamwambia, "Mama bubu hawezi kusema."

"Hakuyasema yeye. Aliyasema mama yake Nsanzimana." Akanieleza kwamba baba yake Nsanzimana alikufa kwenye shimo la madini ya bati hukuhuku Kyerwa mvua ya masika ilipoporomosha udongo, Nsanzimana akiwa na miaka tisa, na mama yake, Mukabera, ambaye mimi nimemzoea kama yule mama mpole anayelima vibarua kwenye vibanja vya watu, alipoletewa kofia ya mumewe aliyasema maneno hayo mbele ya wachimbaji wote. Yalivyo. Na mluzi wake. "Filamu ilipofika pale alikosa la kusema," Avelina akasema, "akasema ya mama yake. Wewe ukayalilia mara tatu. Halafu ukamwita mwongo."

Shangazi, nilikaa juu ya gunia. Nilidhani nimemaliza kushtuka redioni, kumbe kule nilikuwa nafanya mazoezi.

Nikamwambia Avelina, sasa wewe utafanyaje, utatoroka naye? Akasema, "Sitoroki, baba mdogo. Sina baba mwingine wa kuonja hicho kibuyu. Nitangoja mpaka useme, hata nikizeeka." Akachukua reki akanisaidia kugeuza kahawa mpaka mwisho. Mke wangu Auleria naye ananipakulia chakula bila kunitazama. Jana nilimuuliza chumvi iko wapi akaniambia muulize bubu.

Sasa nisaidie. Nikionja ile rubisi watasema Rwegoshora amepiga magoti kwa kijana aliyemwaibisha. Nisipoonja, mtoto wa kaka yangu anazeekea hapa anageuza kahawa. Heshima yangu nimeijenga miaka sita, unajua ni kazi gani? Nionje au nisionje? Na pia niambie kama ipo sheria ya kuilazimisha redio itangaze kwamba siku ile mitambo ilikuwa na hitilafu.

Ni mimi, Rwegoshora, Mtabiri Mkuu, Rubwera.


SHANGAZI ADELGUNDA ANAJIBU

Rwegoshora, wengine wananibembeleza nifiche majina yao. Wewe umelitaja la kwako mpaka nimechoka kulisoma, kwa hiyo nimeliacha, na shauri yako.

Nilicheka nilipofika kwenye redio, sitakuficha. Nilicheka mpaka majirani wakachungulia. Pole. Kuaibika ukiwa umevaa suti kunauma, najua. Lakini nilipofika kwa Avelina na ile reki kicheko kilinikatika, na kuanzia hapo sina cha kucheka nawe.

Wewe unalia heshima. Heshima ipi hiyo iliyopotea redioni? Redioni ulichekwa. Mtu akichekwa Jumatatu, Alhamisi watu wamepata mwingine wa kumcheka, hasa huko kwenu mnakobishana mpaka msibani. Heshima yako hukuipotezea Kayanga. Uliipotezea Rubwera bandani, kwa mdomo wako, ulipomwambia kijana ambaye baba yake amezikwa na udongo wa Kyerwa kwamba hamkujui kwao. Kwao ni hapo. Wewe una kaburi gani ndani ya ardhi hiyo kubwa kuliko shimo lile? Lile neno liliponifikia niliiweka barua mezani nikatoka nje kidogo.

Na hebu nikuulize jambo moja, maana limenisumbua tangu mwanzo. Watu waliojaa bandani waliona mdomo wa yule mama haufunguki. Wote. Wewe ulikuwa benchi la mbele, mara tatu, na hukuona. Najua jibu, usihangaike kunidanganya. Ulikuwa umesinzia, au rubisi ilikuwa imeshakuonja wewe kabla wewe hujaionja. Ukaamshwa na kilio ukalia nacho. Kisha ukatafuta wa kubeba lawama, ukampata aliyeshindwa kukujibu kwa sababu anataka kuwa mkweo. Huo ni uonevu, baba.

Tena hujaona kitu kimoja kikubwa kilichoko kwenye barua yako mwenyewe. Unasema maneno yale utakufa nayo. Basi mwenye maneno yupo, anaitwa Mukabera, analima vibarua kwenye vibanja vya majirani zako, umepishana naye njiani miaka yote hiyo. Tuzo ya ng'ambo amepewa mwanamke kwa kunyamaza vizuri. Mukabera aliyesema hakupewa hata pole yako.

Sasa sikia utakavyofanya, na usinitafutie njia ya mkato.

Kabla jua halijazama siku utakayosoma gazeti hili, nenda kwa Mukabera. Nenda na mkeo Auleria, ili asikie kwa masikio yake ukisema, maana ukienda peke yako utarudi na hadithi nyingine. Mwambie ulikosea kuhusu ukoo wao. Usimsimulie habari za tuzo wala za basi la Bukoba. Mwambie ulikosea, halafu nyamaza.

Kesho yake nenda bandani watu wakiwa wamejaa kama walivyokuwa wamejaa ulipomtukana, chukua kile kipaza sauti umkabidhi Nsanzimana mkononi umwombe aendelee na kazi. Umemwaibisha kwa sauti, usije ukamwomba radhi kwa kunong'ona.

Siku ya posa, onja. Usiigize kama unalazimishwa, usisogeze kibuyu mdomoni ukakirudisha ili watu washike roho. Onja ushushe. Avelina hana baba mwingine, amekuambia mwenyewe, na mtoto anayekuambia hivyo baada ya uliyoyafanya amekupa zaidi ya ulichostahili.

Redio iache. Mitambo haikuwa na hitilafu.


UJUMBE KUTOKA RUBWERA
Ulifika kwa simu baada ya wiki mbili. Tumeuchapa ulivyo, kwa ombi la aliyeutuma.

Shangazi, sikusinzia. Na sikuwa nimekunywa, mwulize Nestory, bandani kwake mlevi haingii. Hilo umenionea na lazima ulifute.

Mengine niliyafanya. Kwa Mukabera nilikwenda na Auleria, nikasema nilikosea, nikanyamaza kama ulivyotaka, akanyamaza na yeye, tukanyamaza mpaka Auleria akaanza kumenya ndizi za mwenyeji bila kuombwa. Tulipoaga ndipo Mukabera akasema, "Mume wangu naye alikuwa na maneno mengi kama wewe." Bandani nilimpa Nsanzimana kipaza sauti, watu wakapiga makofi, na sijivuni lakini yalikuwa makofi mengi.

Jumamosi wakaja. Wamepanga mstari uani kwetu, vijana saba, suti zote rangi moja, ndivyo wanavyovaa siku hizi. Kwetu kabla ya kibuyu mwenyeji anampa mkwe kahawa za kutafuna, zile kavu zilizochemshwa, unamwekea kiganjani kwa mkono wako. Uani kumejaa. Nikazichukua kahawa, nikatembea ule mstari, nikasimama mbele ya kijana, nikamshika mkono nikamwekea, nikasema kwa sauti yangu yote, "Karibu mkwe wangu!"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Kijana mwenyewe akasema, "Mzee, mimi ni dereva."

Upande wao wakasimama. Mjomba wao mmoja akasema, "Twendeni, huyu hajabadilika, ametuita hapa atutukane mara ya pili," na yule aliyebeba kibuyu akakiinua begani. Joanitha, mama yake Avelina, akashika kichwa. Avelina nilikuwa namsikia mlangoni, hakulia, alikuwa anahema tu. Nikajua nikisema nilikuwa natania, imekwisha. Nikisema ni jua limenipiga, imekwisha.

Nikasema, "Kaeni chini jamani. Sikutukana mtu. Mimi sioni."

Mukabera ndiye aliyetoka kwenye mstari wao. Alinishika kifundo cha mkono, akanivuta hatua nne, akaweka mkono wangu kwenye mkono wa mtu akasema, "Huyu hapa. Huyu ndiye wangu." Nikamwekea kahawa. Akasema, "Shikamoo baba," na sauti hiyo sikuhitaji kuonyeshwa ni ya nani. Rubisi nilionja nikashusha, nikaonja tena kwa sababu ilikuwa nzuri. Avelina kaposwa. Keshokutwa Auleria ananipeleka Bukoba nikapimwe miwani, anasema safari hii basi litaondoka kwa wakati.

Basi andika hili ili usiseme tena nilisinzia. Sasa ni miaka mitatu, mtu akiwa hata hatua moja mbele yangu ni suti tu na ukungu juu yake, na benchi la mbele nilikaa ili watu wasijue. Waigizaji wote niliowatabiri miaka hiyo, Shangazi, sijawahi kumwona usoni hata mmoja.